Kaka Anakula Kitabu

Mwaka wenyewe ni ule tuliokula parachichi mpaka nguruwe wakazisusa. Watu wa Njombe na Makambako mnaukumbuka. Wanunuzi hawakuja, matunda yakakomaa mitini yote kwa pamoja, basi tukayala. Asubuhi parachichi na chai ya rangi. Mchana parachichi na ugali, ndiyo mboga hiyo. Jioni parachichi na viazi. Mjukuu wangu akapaka parachichi hata usoni, eti kasoma kwenye simu kwamba ngozi inalainika. Nikamwambia, ngozi yako ina miaka kumi na tano, unataka ilainike iwe nini, sabuni?

Huyo mjukuu ni binti wa mwanangu wa pili. Anakaa kwangu Mahongole, hapa Makambako, kwa sababu shule yake ya sekondari iko karibu kuliko kwa baba yake. Alikuwa kidato cha pili. Namwita mke mwenzangu, kama bibi wengi wanavyowatania wajukuu wa kike, ingawa mume tunayegombania yuko kaburini siku nyingi. Ni mrefu, ana mdomo, na akisoma kwa sauti hata jirani anaacha kufua asikilize. Ninajivuna naye, na sijifichi. Atakayechukia achukie.

Siku moja alirudi shuleni akatupa mfuko kitandani, akaja na daftari mpaka nilipokuwa nachambua maharage.

"Bibi, unajua shairi lolote la kudai haki?"

"Haki ya nani?"

"Ya yeyote. Mwalimu wa Kiswahili kasema tukaulize nyumbani. Ya kwenye kitabu tumemaliza."

Akanieleza. Mwalimu wao, binti ambaye bado hajaolewa, alikuwa anawafundisha mashairi ya watu walioonewa. Aliwaambia mtu anaweza kukosa rungu, akakosa cheo, na bado akatunga maneno yakamfikia aliyemwonea. Na maneno hayo hayako kwenye vitabu peke yake, hata nyumbani kwao yapo. Kila mtoto alete moja.

Nikamwambia mimi shairi silijui. Niliishia darasa la nne. Najua kulima.

"Basi nitaandika kwamba bibi yangu hajawahi kuonewa," akasema, akafunga daftari.

Mtoto mjanja yule. Maharage yalinitoka mkononi.

"Fungua hilo daftari," nikasema. "Uko wimbo."

Lakini nilipotaka kuuimba haukuja. Nilikaa pale kwenye kigoda, mdomo wazi, naona ulimi mzito. Mke mwenzangu ananitazama na kalamu yake. Ndipo nikakumbuka kwamba ule wimbo sijawahi kuuimba nimekaa. Nikainuka, nikachukua jembe nyuma ya mlango, nikaenda kwenye kipande changu cha viazi, nikainama. Jembe la tatu tu, wimbo huo hapo, mzima, kwa Kibena chake. Mtoto akawa ananifuata kwenye tuta anaandika, viatu vya shule vinajaa udongo. Baadaye tulikaa tukaugeuza Kiswahili pamoja, yeye na maneno yake ya darasani, mimi namkatalia kila anapotaka kuupamba. Ukatoka hivi:

*Nimebeba unga, ugali wake siujui.*
*Nimebeba maharage, chumvi yake siijui.*
*Kaka anakula kitabu,*
*mimi nakula njia.*
*Njia ya kwenda, njia ya kurudi,*
*nani kasema miguu haisomi?*

Nieleze ulikotoka. Kwetu ni kijiji cha nje ya Njombe, upande wa misheni. Tulikuwa wawili tunaosoma, kaka yangu na mimi, na mimi nilikuwa nasoma vizuri. Sijisifu, padri mwenyewe alimwambia baba. Kaka alipofaulu kwenda shule ya kati kule misheni, wanafunzi walikuwa wanapanga vibanda na kujipikia, kwa hiyo chakula kilitoka nyumbani. Nani atakipeleka? Baba akanitazama miguu. "Wewe una miguu mizuri," akasema. Ndivyo nilivyotolewa shule. Hakukuwa na ugomvi, wala sikupigwa. Ilisemwa tu wakati watu wanakula, kisha wakaendelea kula.

Kila Ijumaa nilitoka na kapu kichwani, unga na maharage, nikafika misheni jua limeshuka. Nililala kwa masista, Jumamosi nikarudi. Miaka minne. Njia ile naijua mpaka leo, kila mfereji na kila mbwa.

Na mtu asinielewe vibaya, bendera ilishabadilishwa wakati huo. Mkoloni alikuwa ameshafunga mizigo yake akaenda kwao. Kumbukeni hilo, maana ndilo lililoleta maneno.

Sasa kwetu wanawake walikuwa wanalima pamoja, leo shamba la huyu, kesho la yule, wamejipanga mstari mmoja mrefu. Mstari ule ulikuwa na sheria yake. Mwenye uchungu ndiye anayeanzisha wimbo. Anaweza kumwimba yeyote, mume, mama mkwe, hata mjumbe, ili mradi asitaje jina, na wenzake wote lazima waitikie. Anayeimbwa haruhusiwi kujibu kwa mdomo. Hakuna kesi, hakuna kuulizwa nyumbani usiku. Akiona wimbo umemwingia, anachofanya ni kuchukua jembe, kuingia mwisho wa mstari na kulima. Basi. Watu wakimwona amelima wanajua amesikia.

Mimi niliuanzisha huo wa kwangu nikiwa binti mdogo kabisa kwenye mstari, na aliyeitikia wa kwanza, kwa sauti kuliko wote, alikuwa mama yangu. Sitasahau. Alikuwa hajasema neno siku ile ya baba na miguu. Lakini kwenye mstari aliitikia mpaka nikaona kamasi zinamtoka. Baba alipita na mbuzi wake, akasimama, akatuangalia, akaenda zake. Kaka hakuwahi kuusikia. Alikuwa shuleni.

Mjukuu alipoupeleka ule wimbo darasani, mwalimu wake akaniita. Nikavaa kitenge cha kwenda kanisani na viatu vinavyoniumiza. Darasa limejaa, watoto watatu watatu kwenye dawati, wote wakainuka. "Shikamoo bibiii!" Nikaitikia marahaba, nikaona machozi yananijia, nikajikohoza. Tangu darasa la nne nilikuwa sijasimama mbele ya ubao.

Mwalimu akawaeleza watoto kwamba leo tutachambua wimbo wa bibi: vina, mizani, na ujumbe. Akanigeukia, "Bibi, tuanze na mizani?"

"Mwanangu, mizani sina. Majembe mnayo?"

Watoto wakacheka. Mwalimu hakucheka, na hapo ndipo nilipompenda. Akafikiri kidogo, akasema, "Yapo stoo," akatutoa wote nje kwenda bustani ya shule, ile ya kabichi karibu na mlingoti. Nikawapanga mstari. Wasichana walishika jembe kama watu. Wavulana, Mungu wangu, mmoja alikuwa anachokonoa ardhi kama anatafuta sindano.

"We baba, unalima au unapapasa?"

"Nalima, bibi."

"Kabichi likiota hapo litaomba msamaha."

Tukaimba. Mara ya kwanza waliimba kama wako kwaya, vidomo vimechongoka. Nikawaambia hapana, mwimbieni jembe lianguke. Mara ya nne ukashika. Nilisikia mgongoni mwangu kitu kimeshuka, sauti za watoto wale wote wanaitikia maneno niliyoyatunga sijaota hata maziwa.

Kisha mwalimu akasema sasa anayejiona na uchungu wake aanzishe. Halafu msichana mmoja mnene, mpole, akaanzisha: kila asubuhi wasichana wanabeba maji kwenda nyumba za walimu, wavulana wamekaa darasani wanafungua vitabu. Aliweka hivihivi tu, bila kupamba, na wasichana wenzake waliitikia mpaka ndege wakaruka kwenye mlingoti. Mwalimu alikuwa kwenye mstari na yeye. Naye analetewa maji. Nilimtazama atafanyaje. Akaenda mwisho wa mstari, akaanza kulima. Sikuwa nimemwambia afanye hivyo ile siku. Alikuwa ameisoma sheria kwenye daftari la mjukuu wangu. Wiki ile ile alisema kwake maji yasiletwe tena, na walimu wengine wakaona aibu wakafuata, mmoja mmoja.

Siku ile tuliporudi darasani, yule kijana mwenye jembe la kupapasa akanyoosha mkono. "Bibi, lakini kaka yako alikosa nini? Aliyekutoa shule ni baba."

Wengine wakamzomea. Nikawanyamazisha, maana swali lilikuwa la mtu mwenye akili.

"Kaka alikula ule ugali miaka minne," nikamwambia. "Hakuniuliza hata siku moja, 'Na wewe unasoma lini?' Nilitaka aniulize. Hata kama jibu lisingekuwepo."

Yule kijana akaandika. Sijui aliandika nini.

Basi ikaja habari ya siku ya wazazi. Mwalimu alitaka darasa lile liimbe wimbo wangu mbele ya watu wote, na mjukuu wangu ndiye aongoze. Mtoto alifurahi mpaka akashindwa kula, hata hilo parachichi. Alifanya mazoezi akienda kisimani, akifagia, akiwa chooni. Wiki mbili nzima.

Mkuu wa shule akaniita ofisini. Ni mtu mstaarabu, anavaa sweta la vifungo, akaniwekea kiti na chai.

"Bibi, wimbo wako ni mzuri sana. Tuna jambo dogo tu."

"Lipi?"

"Mgeni rasmi tuliyemwalika ni mkaguzi wa shule mstaafu, anakaa Yakobi. Mwalimu ananiambia kumbe ni kaka yako."

"Tumbo moja."

"Ndiyo huyo wa kwenye wimbo?"

"Kaka mwingine sina."

Akachukua kikombe chake, akakirudisha. Akasema haitapendeza, mgeni rasmi amekaa meza kuu na watoto wanamwimba. Lakini yeye kapata dawa. Kwenye mitihani mashairi ya namna hii huwa ya kumpinga mkoloni. Basi mahali pa kaka tuweke mkoloni. *Mkoloni anakula kitabu, mimi nakula njia.* Neno moja tu, na wimbo unapata hata uzito wa kihistoria. Akatabasamu, kama mtu aliyetoa jibu la hesabu.

Nikamwambia, "Sibadilishi. Mkoloni simjui. Niliyembebea unga ni kaka yangu."

"Basi bibi, itabidi tuuondoe kwenye ratiba."

"Uondoe."

Nilitoka nimenyooka mgongo, lakini nilipofika njiani nikapungua. Mimi ni mzee, wimbo nishauimba. Anayekosa ni mjukuu wangu. Nikamkuta nyumbani anapiga pasi sare kwa ajili ya siku ile, pasi ya mkaa, anaimba chinichini. Nikamweleza. Akaweka pasi chini.

"Bibi, si neno moja tu."

"Moja."

"Hata babu hatachukia. Watu hawatajua."

"Mimi nitajua. Na wewe utakuwa umesimama mbele ya watu unadai haki kwa mtu ambaye hayupo. Hiyo hata kondoo anaweza."

Alilia. Nami nilimwacha alie, sikumbembeleza, ila roho iliniuma. Kulipokucha nikajitanda khanga, nikapanda gari la Njombe.

Kaka nilimkuta Yakobi uani kwake, anapanga parachichi kwenye matenga, kofia ya sufu kichwani. Tukasalimiana, kamwene ya Kibena, habari za watoto, habari za magoti. Mkewe akaniletea, mtajaza wenyewe, parachichi. Nikala. Kisha nikamwambia, "Kaka, kuna wimbo niliutunga juu yako tukiwa wadogo. Watu wa kijiji chote waliuimba. Wewe hukuwahi kuusikia. Sasa watoto wa shule wameujifunza, na mkuu wao kauondoa kwenye ratiba kwa kukuogopa wewe."

"Wimbo wa nini?"

"Lete jembe."

"Wazimu umekuanza?"

"Lete jembe, uone."

Akaleta. Nikalima pale kando ya ua wake, nikaimba wote, kwa Kibena. Mkewe akatoka jikoni. Kwao ni Makete, lakini Kibena anakisikia vizuri tu. Nilipomaliza kaka alikuwa ameshika tenga, haliweki chini wala haliinui.

"Mimi nilikuwa mtoto," akasema.

"Mimi nilikuwa mdogo wako."

"Baba ndiye..."

"Baba namjua. Sikuja kwa baba."

Mkewe akasema, "Mume wangu, wewe kila krismasi unawaambia watoto ulisoma kwa taabu, ulikuwa unapika mwenyewe. Unga ulikuwa unatoka wapi?"

Jamani, wifi yangu yule. Miaka yote nilimwona wa baridi.

Kaka alinisindikiza mpaka kituoni, akanibebea hata mfuko. Wakati gari linaondoka akasema dirishani, "Mwambie mkuu wa shule mimi nitakuja. Na watoto waimbe walichojifunza." Sikujua alisema kwa hasira au vipi. Usingizi wangu ulikuwa wa vipande mpaka siku yenyewe.

Siku ya wazazi ilikuwa na jua na upepo wa baridi, kama Makambako inavyopenda. Mkuu wa shule alikuwa ameurudisha wimbo kwenye ratiba kwa agizo la mgeni rasmi, na uso wake ulikuwa wa mtu anayesubiri kudungwa sindano. Watoto wakatoka na majembe, wakajipanga bustanini, pale pale karibu na mlingoti, udongo wa kweli. Wazazi wakaanza kunong'ona, hawa wanataka kulima na leo? Mke mwenzangu akaingia katikati ya mstari, sare imenyooka, akainama, akaanzisha.

Sijui nieleze vipi ile sauti. Wanawake wa umri wangu, waliokaa kwenye nyasi na khanga zao, walipousikia mwendo wakaanza kuitikia hata kabla ya watoto. Wameujulia wapi sijui. Nyimbo za mstari huwa zinaolewa vijiji vingine. Alipofika *kaka anakula kitabu* watu wakapiga vigelegele, na mimi sikutazama watoto, nilitazama meza kuu.

Kaka akasimama. Suti ya kijivu, ua la karatasi kifuani. Mkuu wa shule akasimama naye haraka, nafikiri alidhani anaondoka. Kaka akavua koti, akaliweka kwenye kiti, akashuka mpaka bustanini, akachukua jembe kwa yule kijana wa kupapasa, akaingia mwisho wa mstari, akalima. Analima vibaya. Alisoma mno. Lakini alilima mpaka wimbo ulipokwisha, na ulirudiwa mara tatu, maana wale wanawake walikataa kuuacha. Hotuba yake ilikuwa fupi kwa sababu alikuwa anahema.

Wakati wa chakula tulikaa pamoja, kaka, mjukuu wangu na mimi, wali na nyama, na pembeni ya kila sahani, ndiyo, kipande cha parachichi. Kaka ana udongo mpaka kwenye soksi. Mke mwenzangu anamtania, "Babu, tuta lako limepinda kama mkia wa nguruwe," naye anacheka, na mimi nimeshiba kabla sijala.

Mkuu wa shule akaja na kiti chake, amefurahi sana, sweta amelifungua vifungo vyote. Maofisa wa elimu waliokuwa meza kuu wameupenda wimbo. Utakwenda mashindano ya mkoa kule Njombe, mjukuu wangu aongoze. Mtoto akanishika mkono chini ya meza.

"Ila bibi," akasema, "kule mkoani hawamjui kaka yako. Hakuna wa kuaibika tena, na yeye ameshalima. Majaji wanapenda mambo ya historia. Tukiweka mkoloni, tunashinda."

Nilimtazama mjukuu. Akatikisa kichwa, hapana, kidogo tu, bila kumtazama mkuu wake.

Mkuu akamgeukia kaka. "Mzee, wewe ni mkaguzi. Zungumza na mdogo wako."

"Mimi nimeimbwa," kaka akasema, anatafuna. "Siruhusiwi kusema."

"Bibi, labda hujanielewa."

Nikaweka kijiko.

"Sibadilishi. Mkoloni simjui. Niliyembebea unga ni kaka yangu."